Mcheza Kwao Hutuzwa, Je, Hutunzwa? Maoni Kuhusu Ulevi wa Waigizaji na Jicho la Hadhira

Ipo methali moja ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujawahi kuafikiana kuihusu. Wapo wasemao kwamba mcheza kwao hutuzwa, na wapo washikiliao kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kundi la kwanza hueleza kwamba mchezaji hodari hupewa tuzo na watu wa kwao pale pale uwanjani. Kundi la pili hujibu kwamba kutunza nako, tangu jadi, ni kumzawadi mchezaji ngoma, ila siku hizi wengi wetu tukilisikia neno hilo huwaza juu ya kulea, kuhifadhi na kuangalia jambo lisiharibike. Sikusudii kuuamua ugomvi huo katika makala haya. Nakusudia kuuazima tu, ili niulize swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu: waigizaji wetu maarufu wa runinga na filamu, tunawatuza tu, au tunawatunza pia?

Swali hili hujitokeza kwa ukali zaidi pale mwigizaji maarufu anapozidiwa na pombe. Maoni yangu ni kwamba hadhira yetu, na humo nawajumuisha wasomi wa fasihi, huugeuza ugonjwa wa mwigizaji kuwa mchezo wa pili. Tunauangalia mchezo huo kwa hatua tatu. Kwanza tunacheka. Pili tunachanga. Tatu tunalaani. Katika hatua zote tatu mwigizaji hubakia mhusika wetu, wala hatumwoni kama mfanyakazi aliyeugua.

Nilizaliwa na kukulia karibu na soko la Suneka, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Migori. Nilipokuwa katika shule ya msingi, runinga hazikuwa nyingi katika vijiji vyetu. Sokoni palikuwa na hoteli moja ndogo ambayo mwenyewe alikuwa ameipachika runinga juu ya kabati, akaizungushia vyuma kama mahabusu ili isiibwe. Jioni, wauza ndizi walipokwisha kufunga mizigo yao na waendesha bodaboda walipopunguza safari, hoteli hiyo ilijaa. Ukinunua chai na mandazi ulikuwa na haki ya kuketi. Usiponunua, ulisimama mlangoni ukachungulia. Ndimo nilimoanza kuzijua sura za Tahidi High, Papa Shirandula, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba somo langu la kwanza la tamthilia nililipata mlangoni mwa hoteli hiyo, nikiwa nimesimama.

Nilichojifunza mapema ni kwamba hadhira ya Suneka ilimpenda mlevi kuliko mhusika mwingine yeyote. Mwigizaji akiingia akipepesuka, akikosea mlango, akimsalimu mbuzi kwa heshima kama anayemsalimu chifu, hoteli nzima ilivunjika mbavu. Hakuna mzaha uliohitaji maelezo machache kuliko huo. Mtoto aliuelewa, na mzee asiyejua Kiswahili vizuri aliuelewa vilevile. Waandishi wa vipindi waliujua udhaifu wetu huo, nao walitupa tulichokitaka. Mlevi wa kuchekesha akawa ala ya kazi, kama nyundo ya seremala.

Katika hoteli hiyo hiyo aliketi ami yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi ndiye aliyewatayarisha wanafunzi kwa mashindano ya michezo ya kuigiza. Alikuwa na kipaji cha kumwiga mtu yeyote: chifu, mhubiri, muuguzi mkali, na hasa wale wachekeshaji wa runinga. Kipindi kilipokwisha, watu hawakuondoka. Walimngoja ami ainuke akirudie kwa namna yake. Nitarejea kwake baadaye, kwa kuwa bila yeye nisingeandika makala haya.

Hebu kwanza tuutazame mfano unaojulikana na wengi. Mnamo Februari 2021, Joseph Kinuthia, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Omosh kutokana na kipindi cha Tahidi High cha runinga ya Citizen, alijitokeza hadharani akaeleza jinsi maisha yalivyomwendea mrama. Kipindi kilichompa jina kilikuwa kimekoma. Janga la Korona lilikuwa limezifunga kumbi na kuzisimamisha shughuli nyingi za sanaa. Kodi ya nyumba ilikuwa imemlemea, na pombe ilikuwa imemtawala. Aliyasema hayo kwa kinywa chake, mbele ya watu waliozoea kumwona akiwachekesha.

Wakenya waliguswa. Fedha zilitumwa kwa simu, na wasanii na wafanyabiashara wakajitokeza. Akapewa kiwanja, nyumba ikajengwa. Kwa majuma kadhaa nchi ilijivunia ukarimu wake, na ni haki yake kujivunia. Hata hivyo, katika mwaka uo huo, alipojitokeza tena na kueleza kwamba bado yuko katika dhiki, hewa ilikuwa imebadilika. Wale wale waliolia naye sasa walimkejeli. Alisemwa kuwa mvivu, mwenye kutumia machozi kama mtaji, mtu aliyepewa samaki na ndoano akavitupa vyote ziwani. Kati ya Februari na katikati ya mwaka, mtu mmoja alikuwa amecheka nasi, amelizwa nasi na amelaaniwa nasi.

Simtaji Kinuthia ili nimhukumu wala nimtetee kwa kila alilolifanya. Namtaja kwa sababu alikuwa na ujasiri wa kulisema hadharani jambo ambalo wengine hulificha hadi siku ya matanga, na kwa sababu namna tulivyompokea inatufichua sisi zaidi ya inavyomfichua yeye.

Tuzingatie kwanza suala la jina. Katika darasa la mwaka wa kwanza tunafundishwa kutochanganya mwandishi na msimulizi, wala mwigizaji na mhusika. Mwanafunzi akikosea hapo hupoteza alama. Lakini nje ya darasa, jina la mhusika humla mwenye jina. Wakenya wangapi walimwita mtu huyo Kinuthia? Tulimwita Omosh alipocheza, tukamwita Omosh alipolia, tukamwita Omosh tulipomtukana. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015 baada ya kuwachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa akiwa Mzee Ojwang'. Huyu hakuwa mlevi, na sitaki msomaji anielewe vibaya. Namtaja kwa sababu, miaka michache kabla ya kifo chake, macho yake yalipofifia, matibabu yake yalitegemea huruma ya watu wale wale waliomtazama bure kila juma. Alikuwa ameitumikia lafudhi moja na fimbo moja kwa muda mrefu kiasi kwamba nchi haikujua tena kuwa nyuma ya Ojwang' palikuwa na Wanjau mwenye kodi ya kulipa na macho ya kutibiwa.

Jina likishamezwa, maumivu nayo humezwa. Aristotle, katika maelezo yake kuhusu ushairi, anasema kwamba kinachochekesha ni kasoro fulani isiyoleta uchungu wala maangamizi. Hiyo ndiyo kanuni ya mlevi wa runinga. Anaanguka lakini haumii. Anapoteza mshahara lakini watoto wake hawaonekani wakilala njaa. Kipindi kinapokwisha anajifuta vumbi na juma lijalo anarudi akiwa mzima. Hadhira iliyozoea kanuni hiyo kwa miaka kumi au ishirini haiwezi kuibadilisha kwa siku moja. Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, anatukumbusha kwamba kila hadhira huijia kazi ya sanaa ikiwa na upeo wa matarajio. Tatizo letu ni kwamba tunaujia hata uhai wa mwigizaji kwa upeo huo huo. Tunapomwona amepepesuka barabarani, tunangoja mzaha. Asipojifuta vumbi na kurudi mzima juma lijalo, tunahisi kwamba ametuharibia kipindi.

Huenda mtu akasema kwamba sisi wa fasihi tumesalimika, kwa kuwa tumesoma. Sioni dalili hiyo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tunamkuta Zakaria, baba ambaye ulevi wake unaiyumbisha familia nzima. Katika Kigogo ya Pauline Kea tunaonyeshwa Mangweni, ambako Asiya anauza pombe haramu kwa baraka za wakubwa. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege yumo Yona, ambaye ulevi wake hauwezi kutenganishwa na masimango ya jamii inayomzunguka. Tunapowasahihishia wanafunzi wa shule za upili insha zao, tunawataka waeleze chanzo cha ulevi wa mhusika, athari zake kwa mke na watoto, na mchango wa jamii katika kuanguka kwake. Mwanafunzi akiandika tu kwamba Yona ni mlevi kwa sababu ni mtu mbaya, tunamwandikia kwa wino mwekundu: fafanua! Ni kinaya kikubwa, basi, kwamba mwigizaji wa kweli akianguka sisi wenyewe tunaandika sentensi ile ile ya mwanafunzi dhaifu, na hakuna wa kutuandikia tufafanue. Tumempa mtu wa karatasi haki tuliyomnyima mtu wa damu.

Isitoshe, hukumu yetu haiko sawa kwa wote. Richard Burton, mwigizaji mashuhuri mzaliwa wa Wales, aliyefariki mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 58, alikuwa mnywaji wa kupindukia, na visa vya unywaji wake husimuliwa hadi leo kama visa vya mashujaa. Oliver Reed alifia katika baa huko Malta mwaka 1999, filamu ya Gladiator ikiwa bado inapigwa, na wapo mashabiki wanaokisifu kifo hicho kana kwamba kilikuwa onyesho lake la mwisho. Kwa hiyo, mlevi mwenye jina kubwa na fedha husemekana kuwa ana vituko, na mlevi aliyefilisika husemekana kuwa hana haya. Maji ya chupa ni yale yale. Kinachotofautiana ni mfuko. Nami nadhani sifa ya wale ni hatari sawa na kejeli kwa huyu, maana zote mbili zinakwepa neno ugonjwa.

Ni ugonjwa, wala sisemi hivyo ili kulainisha mambo. Shirika la Afya Duniani linauorodhesha utegemezi wa pombe katika uainishaji wake wa magonjwa. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, mwili wake huizoea pombe kiasi kwamba akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na kifafa, na pengine kufa. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache leo kwa kuwa jana tulimtumia shilingi mia mbili ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka kwa kuwa tumemnunulia blanketi. Aidha, kurudia pombe baada ya kuiacha ni jambo la kawaida katika safari ya kupona, kama ilivyo kwa maradhi mengine ya kudumu. Hadhira isiyolijua hilo huona usaliti pale ambapo tabibu angeona hatua nyingine ya matibabu.

Lugha yetu yenyewe inatushuhudia. Tunayo hazina kubwa ya maneno ya kumcheka mnywaji: chapombe, mlevi chakari, aliyelewa chopi, aliyepiga mtindi. Maneno ya kumsaidia ni machache. Neno mraibu, ambalo linamtaja mtu aliyeshikwa na kitu na si mtu aliyekosa adabu, tunalo, lakini aghalabu tunaliacha kwenye vitabu vya kiada na mabango ya serikali. Sidai kwamba kubadilisha neno kutamtibu mtu. Nadai kwamba neno huandaa njia ambayo mkono utaifuata.

Mambo hayakuwa hivi daima hata huku kwetu. Wazee wa Abagusii walikunywa pombe ya wimbi wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Unywaji ulikuwa na umri wake, msimu wake na macho ya kuusimamia. Aliyezidi alionekana na wenzake kabla hajaonekana na kijiji. Sitaki kuupaka rangi za kupendeza wakati uliopita, kwani nao ulikuwa na walevi wake na wake waliopigwa. Lakini ule mtungi ulikuwa na duara la watu waliofahamiana kwa majina. Leo chang'aa hunywewa gizani, na bia hunywewa na yeyote mwenye fedha au mwenye mfadhili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliifuta ile iliyopiga chang'aa marufuku na ikaweka saa za kuuza pombe: kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana mwishoni mwa juma. Sheria inaweza kuifunga baa. Haiwezi kumfunga shabiki anayetaka kumnunulia mwigizaji ampendaye chupa moja ili amsikie akisema yale maneno yake.

Hapo ndipo ninaporejea kwa ami yangu. Umaarufu wake haukuvuka Suneka na vijiji vya jirani, lakini ndani ya mipaka hiyo alikuwa nyota. Hakuna harusi wala harambee iliyokamilika bila yeye. Kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba kuchekesha ni kazi, hakuna aliyemlipa. Walimnunulia. Mwanzoni ilikuwa soda, kisha bia, kisha chochote kilichokuwapo. Alicheza mlevi hadi watu wakashindwa kujua ni lini alikuwa akicheza. Shuleni alianza kuchelewa, kisha kukosa, kisha akaondoka kazini. Watu wa sokoni walisema ameharibika. Lakini jioni walimwita tena, kwa sababu alikuwa akichekesha zaidi.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilirudi nyumbani likizoni na marafiki wawili niliosoma nao. Nilikuwa na salio la mkopo wa masomo mfukoni na nilitaka kuwaonyesha kwamba kwetu nako kuna sanaa. Tulimkuta ami kando ya jukwaa la bodaboda. Mikono ilimtetemeka. Aliniuliza habari za masomo, akaniuliza tunasoma tamthilia gani. Sikumjibu swali lake. Nilimwambia, "Ami, waonyeshe wageni wangu yule chifu." Akasema koo limekauka. Nilijua maana yake, nikatoa fedha. Alikunywa, akatuigizia chifu, mhubiri na muuguzi, na marafiki zangu walicheka hadi wakashika matumbo. Mmoja wao alimpa noti ya shilingi mia. Nilijiona mtu mkarimu na mwenye kuthamini sanaa ya jadi.

Ami alifariki mwaka 2019, msimu wa mvua, baada ya kulala nje usiku kucha. Alikuwa na umri wa miaka 51. Kwa mazishi yake zilichangwa fedha ambazo, nilipozijumlisha baadaye kutoka katika daftari la kamati, zingetosha kumweka katika kituo cha matibabu kwa miezi kadhaa. Palikuwa na hema, vipaza sauti, jeneza la kung'aa na watu waliosimama mmoja baada ya mwingine kumwiga alivyokuwa akiwaiga wengine. Watu walicheka tena. Tulimtuza kwa mara ya mwisho. Miongoni mwa waliochanga nilikuwamo mimi, na jina langu limo daftarini.

Kwa hiyo ninaposema kwamba hadhira ina deni, sisemi kama anayenyosha kidole kutoka kilimani.

Zipo pingamizi mbili nzito ambazo sina budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba mwigizaji maarufu ni kioo cha vijana, na kwamba tukiuita ulevi wake ugonjwa tunampa kila kijana kisingizio. Nakubali kwamba umaarufu una wajibu wake. Mwigizaji anayefika kazini akiwa mlevi anawaangusha wenzake, na anayempiga mkewe ni mkosaji mbele ya sheria, awe mgonjwa au asiwe. Lakini kijana hafundishwi na kejeli. Anapoona kwamba aliyekiri hadharani alizomewa, anajifunza jambo moja tu: asikiri. Zomeo zetu hazijampunguza mlevi hata mmoja. Zimeongeza wanaojificha.

Pingamizi ya pili ni ya wachangaji. Wao huuliza: je, tuendelee kumwaga maji katika mtungi uliotoboka? Swali hili ni la haki, kwa maana wengi waliotuma fedha mwaka 2021 walikuwa wenyewe wamepunguziwa mishahara au wamefutwa kazi. Jibu langu ni kwamba kosa halikuwa kuchanga. Kosa lilikuwa kumkabidhi mgonjwa fedha mkononi mbele ya kamera, kisha kuihesabu zawadi hiyo kama bei ya kupona kwake. Mgonjwa wa figo hatumpi fedha mkononi tukangoja ajisafishe damu. Tunailipa hospitali, tunampeleka, tunamngoja na kumrudisha tena juma linalofuata. Mraibu naye anastahili mpango wa namna hiyo: matibabu yalipwe moja kwa moja, awepo mtu wa kumfuatilia, na kamera zizimwe. Aliyechanga kwa siri hana haja ya kudai tamthilia yenye mwisho mwema.

Sisi wa chama hiki tunaweza kufanya nini? Nina mapendekezo matatu, yote madogo.

La kwanza, tuwalipe waigizaji tunaowaalika. Kila mwaka, hasa tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, vyama vya wanafunzi huwaita wachekeshaji na waigizaji kuja kutumbuiza. Mara nyingi malipo huwa nauli, chakula na "kuburudika" jioni. Tuandike mkataba wa ukurasa mmoja, tutaje kiasi na tukilipe. Kiasi kikiwa kidogo kisiwe chupa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema asiyelipwa huishia kulinywa tembo lenyewe.

La pili, tuuhakiki uigizaji wa ulevi kwa makini tunayoipa mishororo na vina. Katika tasnifu zetu tumezoea kumchambua mwanamke katika filamu, kijana katika filamu na mwanasiasa katika filamu. Mlevi wa kuchekesha tumempita kama mtu wa njiani. Ni nani anayemwandika, ni nani anayefaidi kicheko chake, na kwa nini mke wake haonekani? Hayo ni maswali ya kitaaluma yanayongoja mtafiti.

La tatu, tuwaite waigizaji kwa majina yao. Huenda hili likaonekana jambo la kitoto. Lakini mtu ambaye umemwita Kinuthia au Wanjau huwezi kumzomea kwa wepesi ule ule, kwa sababu jina la mtu lina mama, lina kijiji, lina watoto wanaolisikia.

Hoteli ile ya Suneka bado ipo. Runinga yake sasa ni bapa, imetundikwa ukutani bila vyuma, ingawa vijana wengi hutazama vichekesho kwenye simu zao, kila mmoja akicheka peke yake. Mwezi wa Desemba uliopita niliketi humo nikinywa chai. Kwenye kioo mtu alikuwa akipepesuka, akakosea mlango. Nilicheka kabla sijajizuia. Kisha kijana mmoja aliyeketi karibu nami akamwita mzee aliyekuwa amesimama nje, akamwambia aingie awaonyeshe watu jinsi ilivyo hasa, naye atamnunulia. Mzee alikuwa ameshaanza kuvua kofia.

Nilimwuliza mzee jina lake. Alishangaa kidogo, akanitajia. Nikamwagizia chai.